Rangi ya Olerai Nyumbani: Shauri kwa Wenye Nyumba wa Kitengela

Maneno ya mazungumzo juu ya kupamba nyumba

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Namanga hufika Kitengela baada ya kilometa 30 hivi. Wazee wa mahali hapa hukumbuka wakati ilipokuwa mbuga tupu ya malisho, ng'ombe wa Wamaasai wakila majani pamoja na nyumbu na pundamilia waliotoka na kuingia katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Baadaye mambo yaligeuka. Katika miaka ya 1980 ardhi ya jumuiya iligawanywa ikawa ya mtu mmoja mmoja. Tangu mwaka 1990 viwanda vya bidhaa za kupeleka nchi za nje vilianza kupewa nafasi huko Athi River, na wafanya kazi wakatafuta mahali pa kulala. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kitengela ilipatikana kuwa na watu zaidi ya 150,000.

Basi nyumba zimejengwa, na zingali zinajengwa. Mawe yakiisha kupangwa, bati likiisha kupigiliwa na plasta ikiisha kulainishwa, linabaki swali moja ambalo huonekana dogo, lakini huleta maneno mengi baina ya mume na mke: Nyumba ipakwe rangi gani? Wengi huchagua rangi ya maziwa kwa sababu jirani naye ameichagua. Lakini wako wanaotaka rangi yenye nguvu, na miongoni mwa rangi hizo iko moja isiyokuwa manjano wala kijani, ila imekaa katikati ya hizo mbili. Mazungumzo haya ni juu ya rangi hiyo: uzuri wake, kipimo chake, na hatari ambayo huweza kujificha ndani ya kopo lake.

JINA LA RANGI

Kiswahili kina desturi njema ya kuziita rangi kwa majina ya vitu. Manjano ni kiungo cha mchuzi. Kijivu kimetoka katika jivu. Kahawia imetoka katika kahawa. Zambarau ni tunda. Rangi hii ya kati haikupata jina moja lililokubaliwa na watu wote. Wafaransa waliipa jina la kileo kilichotengenezwa na watawa wa Chartreuse. Watu wa mijini huku kwetu huiita rangi ya ndimu, na hawakosei.

Lakini mtu wa Kajiado hana haja ya kwenda Ufaransa wala sokoni kutafuta jina. Kando ya mito na mabwawa ya nchi hii, na huko Amboseli, umesimama mti wa jamii ya migunga ambao Wamaasai huuita olerai. Gome lake ni laini, lina unga kama lililopakwa kwa brashi, na rangi yake ndiyo hiyo hiyo ya manjano iliyoingia kijani. Jua la asubuhi likiupiga, mti huo huonekana kutoka mbali kabla ya miti mingine yote. Kwa hiyo rangi hii si ngeni katika nchi. Ni ngeni ukutani tu.

Olerai una hadithi ambayo yafaa kila mwenye nyumba aijue. Wazungu wa kwanza waliopita katika nchi hizi walipiga kambi chini ya miti hiyo kwa ajili ya kivuli na maji, kisha wakashikwa na homa kali. Wakaona gome lile la rangi ya ajabu, wakausingizia mti, wakauita mti wa homa. Jina hilo limebaki katika lugha yao hata leo. Mwaka 1897 daktari Ronald Ross, akiwa Bara Hindi, alionyesha kwamba vijidudu vya malaria hukaa ndani ya mbu. Ndipo jambo likafahamika. Olerai hupenda mahali penye maji, na mbu naye hupenda mahali penye maji. Mti haukuwa na hatia, wala rangi yake haikuwa na hatia. Mwenye hatia alikuwa mdogo, amejificha, na hakuna aliyemtazama. Habari hii itarudi mbele, tutakapofika kwenye kopo la rangi.

KWA NINI RANGI HII HUITA MACHO

Watu husema kwamba rangi hii "inapiga kelele". Maneno hayo yana sababu katika maumbile ya jicho. Jicho la mwanadamu haliuoni kila mwanga kwa nguvu sawa. Mwaka 1924 wataalamu wa mwanga wa mataifa walikubaliana juu ya kipimo cha jambo hili, wakaonyesha kwamba wakati wa mchana jicho huona kwa urahisi zaidi mwanga wa nanomita 555, nao ndio mwanga wa kijani kinachoelekea manjano. Ndiyo sababu vizibao vya waendesha bodaboda na vya askari wa barabarani hushonwa kwa kitambaa cha rangi hiyo. Dereva aliyechoka, hata katikati ya vumbi la barabara ya Namanga, hawezi kukosa kuiona.

Basi mtu apakaye sebule yake rangi hiyo na ajue analofanya. Ameleta nyumbani rangi ambayo jicho haliwezi kuipuuza. Ikiwa kidogo, huchangamsha chumba kama ndimu ichangamshavyo mchuzi. Ikizidi, chakula hakiliki.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui mpaka fundi amekwisha kuondoka. Ukuta wa rangi hii hautulii na rangi yake peke yake. Hurudisha mwanga uliochukua rangi, ukapiga ukuta wa pili, na huo wa pili ukaurudisha tena. Kuta nne zikipakwa zote, kila moja huikoleza nyingine, na rangi iliyoonekana ya upole katika kipande cha karatasi dukani huwa kali mara mbili ndani ya chumba. Nyuso za watu huonekana kama za wagonjwa, na wali mweupe huonekana kama umechacha. Fundi cherehani akikaa katika chumba hicho hawezi kulinganisha uzi na kitambaa bila kutoka nje.

Iko sababu nyingine kubwa kuliko hizo. Mtoto mchanga huweza kupata ugonjwa wa manjano katika siku za kwanza za maisha yake, na mama au mwuguzi huutambua kwa kutazama ngozi na weupe wa macho. Katika chumba ambacho kila kitu kimeingia manjano na kijani, dalili hiyo huweza kupita bila kuonekana. Kwa hiyo chumba anamolala mtoto mchanga kisipakwe rangi hii, na mtoto atazamwe karibu na dirisha katika mwanga wa mchana.

KIPIMO: FUNZO LA SHANGA

Je, rangi hii iachwe kabisa? Hasha. Wanawake wa Kimaasai wamejua tangu zamani namna ya kutumia rangi kali bila kuharibu pambo. Katika ushanga wa shingoni mna nyekundu, buluu, kijani, na rangi ya chungwa, lakini mara nyingi nyeupe hupewa nafasi pana, na rangi kali hukaa katika mistari na vipande vyenye mpaka. Kila rangi hupumzishwa na jirani yake. Wenyewe husema kwamba kijani ni majani ya malisho, na buluu ni mbingu iletayo mvua. Hakuna anayemwaga kijani juu ya ushanga mzima.

Funzo hilo lahamia ukutani bila shida. Chumba na kipakwe ukuta mmoja kwa rangi ya olerai, na kuta tatu zibaki nyeupe au rangi ya maziwa. Ukuta uchaguliwe usiopigwa na jua moja kwa moja, bali upatao mwanga kutoka dirisha la ubavuni. Kitengela ipo karibu na mstari wa ikweta. Jua la mwezi wa Juni huingia kwa madirisha ya kaskazini, na la Desemba kwa madirisha ya kusini. Mwanga wa jioni utokao magharibi huifanya rangi hii ielekee manjano, na taa nyeupe za umeme huifanya ielekee kijani. Kwa hiyo yafaa kupaka kwanza kipande cha ukuta chenye upana wa mita moja, na kukitazama asubuhi, adhuhuri, jioni, na usiku taa zikiwaka. Siku 2 za kungoja ni bora kuliko mwaka mzima wa kujuta.

Vitu vya mbao, mikeka, viti vya ngozi na mapazia meupe hupatana vizuri na rangi hii. Shuka nyekundu ikitundikwa mbele yake huonekana nyekundu zaidi, maana rangi hizi mbili hukabiliana na kila moja huitia nguvu mwenzake. Kwa upande wa nje, ni vyema rangi hii ikae kwenye mlango na miimo ya madirisha tu. Ukuta mzima wa nje hupigwa na jua kali na vumbi, na rangi nyingi za manjano huchujuka upesi katika jua.

Yeyote atakaye kuona rangi kali zikikaa pamoja kwa amani na atazame kazi za Kitengela Glass, karakana ya vioo iliyoanzishwa na Nani Croze kando ya hifadhi ya Nairobi. Huko chupa kuukuu na vipande vya vioo vya madirisha hugeuzwa kuwa mapambo ya kuta na madirisha. Rangi ni nyingi, lakini kila kipande cha kioo kina mpaka wake.

NENO LA MAMA MWENYE NYUMBA

Mabibi na Mabwana, katika desturi ya Wamaasai nyumba ilijengwa na mwanamke. Yeye ndiye aliyekata fito, akazisuka, akazikandika kwa udongo na mavi ya ng'ombe, na mvua ikivuja ni yeye aliyepanda juu kuziba. Nyumba iliitwa yake. Jiwe na bati vilipokuja, kazi ya kujenga iliingia mikononi mwa mafundi wanaume, na mara nyingi neno la mwisho likawafuata.

Tuchukue mfano. Mume na mke wamejenga nyumba ya vyumba 3 katika ploti ya futi 50 kwa 100. Mke asema, "Baba Naserian, sebule naitaka rangi ya olerai." Mume ajibu, "Mama Naserian, watu watasema tumefungua duka." Wote wawili wana haki. Mume aogopa kicheko cha jirani, tena aogopa kwamba siku moja nyumba itahitaji mpangaji, na mpangaji huenda asiipende. Mke ndiye akaaye ndani saa nyingi zaidi, na nyumba ya giza aliyozaliwa ndani yake haijamtoka akilini. Shauri la ukuta mmoja huwapatanisha. Kama mpangaji akija na kuikataa, ukuta mmoja hugeuzwa kwa kazi ya siku moja. Wala si haya kwa mume kusikiliza. Nchi hii ilimpa mwanamke neno la nyumba kabla saruji haijafika.

KILICHOJIFICHA NDANI YA KOPO

Sasa tumefika kwenye jambo kubwa. Rangi za manjano na kijani chenye nguvu zina historia ya sumu. Mwaka 1775 mtaalamu Carl Wilhelm Scheele wa Sweden alitengeneza kijani kizuri kwa shaba na aseniki. Katika karne iliyofuata kijani hicho kilipakwa kwenye karatasi za kupamba kuta, nguo na vitu vya kuchezea, na watu wakaugua ndani ya vyumba vyao vizuri. Mwaka 1797 Mfaransa Vauquelin aligundua madini ya kromiamu. Kutokana nayo watu walitengeneza rangi ya manjano iliyochanganya kromiamu na risasi, na manjano hayo yakichanganywa na buluu yalitoa kijani cha kila namna. Rangi hiyo ilikuwa rahisi, ilifunika ukuta vizuri, na ilistahimili jua. Wenye viwanda waliipenda, na kwa muda mrefu rangi kali za mafuta, yaani manjano, nyekundu na kijani, ndizo zilizokuwa na risasi nyingi kuliko nyingine.

Risasi ni sumu ya polepole. Ikiingia mwilini hukaa katika mifupa. Kwa mtoto mdogo hudhuru ubongo: mtoto huchelewa kujifunza, hukosa utulivu, na madhara hayo hayaondoki. Mwanamke mwenye mimba huweza kumpitishia mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiasi cha risasi mwilini kijulikanacho kuwa hakina madhara. Mtoto hahitaji kulamba ukuta. Rangi ikichakaa hubambuka na kuwa vumbi, vumbi huanguka sakafuni, mtoto hutambaa, kisha hutia vidole kinywani.

Kenya imekwisha kuonja taabu ya risasi. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, watu walidhuriwa na moshi na maji machafu ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu. Mama mmoja, Phyllis Omido, ambaye mtoto wake mwenyewe alipatikana na sumu hiyo, aliongoza wenzake kudai haki, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Risasi ya petroli nayo iliondolewa katika nchi hii mwaka 2006. Juu ya rangi za nyumba, Marekani ilizikataza zenye risasi mwaka 1978, na Kenya nayo imeweka kikomo: risasi isizidi sehemu 90 katika kila sehemu milioni za rangi.

Sheria ni ngao, lakini ngao hushikwa kwa mkono. Mnunuzi na asome kopo. Atafute alama ya Shirika la Viwango la Kenya na maneno yasemayo kwamba rangi haina risasi. Asinunue rangi iliyomiminwa katika chupa au kopo lisilo na jina, hata kama bei yake ni nusu. Kwa kuta za ndani achague rangi ya maji.

Na ikiwa nyumba ni ya zamani na ina rangi kuukuu ya mafuta, fundi asiikwangue kavu, asiipige msasa kavu, wala asiichome kwa moto. Ukuta ulowanishwe kwanza, watoto na mama wajawazito wakae mbali, sakafu ifunikwe kwa karatasi ya nailoni, na takataka zote zikusanywe. Kisha sakafu ipanguswe kwa kitambaa chenye maji na sabuni. Kufagia kwa ufagio mkavu hurusha vumbi tu. Fundi naye aoge na kubadili nguo kabla ya kuwabeba watoto wake.

KAZI YENYEWE

Udongo mweusi wa Kitengela huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na kuta hufuata mwendo wake. Ufa ukionekana, wapimwe kwanza kama ungali unapanuka, ndipo uzibwe. Kuupaka rangi juu yake ni kudanganya macho kwa mwezi mmoja. Plasta mpya iachwe ikauke kwa majuma 4. Chumvi nyeupe ikitoka ukutani ipigwe brashi kavu, na chanzo cha unyevu kitafutwe.

Rangi za manjano zisizo na risasi nyingi hazifuniki vizuri kama zile za zamani. Kwa hiyo ukuta upakwe kwanza rangi nyeupe ya msingi, kisha rangi ya olerai mara 2, na pengine mara ya 3. Hesabu yake ni hii: ukuta wa urefu wa mita 4 na kimo cha mita 2 na nusu una mita 10 za mraba. Lita moja hupaka kiasi cha mita 10 za mraba mara moja ukutani palipo laini. Basi mara 3 ni lita 3, na kopo moja la lita 4 latosha, na lita moja hubaki ya kurekebisha. Mwenye kupaka kuta zote nne za chumba cha mita 4 kwa 3, akitoa mlango na dirisha, atahitaji zaidi ya lita 9. Kipimo kizuri kwa macho ni kizuri kwa mfuko pia.

Mabibi na Mabwana, wahenga walisema nyumba njema si mlango. Waliopita zamani waliogopa olerai kwa rangi ya gome lake, wakamwacha mbu. Mwenye nyumba wa siku hizi asiiogope rangi kwa sababu ni kali, wala asiipende kwa sababu inang'aa. Na aulize kwanza ni nini kilichochanganywa ndani yake, ukuta gani utaipokea, na nani atatambaa chini yake. Akiisha kupata majibu matatu, na achovye brashi.